Toa Upepo Kwanza

Mara ya kwanza kumwona Fundi, alikuwa amemkaba dereva wa lori shingoni, amemwinamisha, na kichwa cha yule dereva alikuwa amekisukumiza kule nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ambapo mtu mzima hana sababu ya kuingiza kichwa. "Angalia ndani," alikuwa anamwambia, wala hakupaza sauti. "Nje unaangalia kila siku. Leo angalia ndani." Dereva alikuwa mtu wa miraba minne, lakini miguu yake ilikuwa inatifua vumbi tu. Mimi nilikuwa natafuta kivuli cha kuwekea kazi yangu, nikaona pale pana kivuli, nikaketi. Ndivyo tulivyokuwa majirani.

Mimi hukata akala. Nanunua matairi yaliyochoka, nayapasua, natoa viatu. Kazi hiyo niliianza hapa Lodwar wakati Ewoi, mwanangu wa pekee, bado yuko mgongoni, na nyumba yangu iko Nawoitorong hadi leo. Nionyeshe tairi kuukuu nikwambie lilikuwa la mbele au la nyuma, na gari lilikuwa linavuta upande gani. Tairi lililoisha sawasawa halinifai sana. Zuri ni lile lililoliwa upande mmoja: upande mwembamba unanipa akala za wanawake na watoto, upande mnene unanipa za wachungaji wanaotembea juu ya miiba na mawe ya moto mpaka Kaikor. Kwa hiyo nilikuwa nakula kutokana na ubovu uleule ambao Fundi alikuwa anapigana nao, naye alilijua hilo.

"Mama Ewoi," alikuwa akiniambia, "siku magari yote ya Turkana yatanyooka, utalala njaa."

"Na wewe utalala wapi?" namwuliza. "Fanya kazi yako, mzee, nisije nikanenepa ukanilaumu."

Kazi yake ilikuwa kuyafanya magurudumu ya mbele yatazame mbele. Ukiisema hivyo inasikika kama mchezo. Lakini gari likigonga mawe, likiruka kingo za laga, ile mito mikavu ya mchanga, kila siku, kile chuma kinachoyaunganisha magurudumu ya mbele kinapinda kidogo, kidogo tu, jicho halioni. Basi gurudumu la kushoto linaanza kutazama kushoto, la kulia linatazama kulia, na yote mawili yanaburutwa kiubavu barabarani huku dereva anapiga stori na abiria. Mpira unaliwa ukingo wa ndani, ule usioonekana. Fundi alikuwa anafunga kamba ya nailoni kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, anaivuta mpaka inalia, halafu anapiga magoti na kufumba jicho moja. Ukiivuka kamba ile anakurushia nyundo. Mimi alinirushia, nikaokota nyundo nikamrudishia, ikampata goti. Tangu siku hiyo alikuwa ananisalimia kwa heshima.

Kabla ya kamba alikuwa anatumia kiganja. Anapitisha mkono nyuma ya tairi, ule ukingo wa ndani, kwenda na kurudi. Gurudumu likiwa limepotoka, mkono ukienda unateleza, ukirudi unakwaruzwa. Alitaka kila mtu aujue mkwaruzo ule. "Leta mkono," anakwambia, na kabla hujajibu mkono wako uko chini ya gari. Alimfanyia hivyo askari wa trafiki aliyekuwa na sare safi. Alimfanyia padri. Padri alitoa kiganja cheusi tititi, akakitazama, akasema asante, na Fundi akamwambia asante haitamfikisha Lokichar.

Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, na kimoja hakikuwa na kucha. Alipompiga mtu alimpiga kwa kofi la wazi, si ngumi, na mara nyingi alimpiga sikioni. Nilimwuliza kwa nini sikio. Akasema kwa sababu ndilo lililokataa kufanya kazi. Madereva walimchukia kwa moyo wote, na bado walimletea magari, maana gari likitoka mkononi mwake ungeweza kuachilia usukani hapa na likaenda lenyewe moja kwa moja hadi lichoke.

Kuna kitu kimoja kilimtia wazimu kabisa, nacho ni kugeuza. Hii ni tabia ya madereva wetu, sijui kama iko kwingine. Tairi likiliwa ukingo wa ndani, dereva hanyooshi gurudumu. Analitoa tairi kwenye rimu, analigeuza, ule ukingo mnene wa nje anauingiza ndani nao ukaliwe, na ule ulioliwa anautoa nje. Anajiona mjanja, amepata tairi mara mbili. Gari bado limepotoka vilevile, linaendelea kutafuna. Mwishoni tairi linakuwa limekwisha pande zote mbili, lakini katikati bado lina meno marefu mazuri, na mjinga yeyote akilitazama kwa mbele anaona meno na kusema hili bado lina nguvu. Nimekata mengi ya namna hiyo. Pembeni unakuta nyuzi tupu, unaweza kuona mwanga.

Fundi akikuta tairi lililogeuzwa likafika hapo, alikuwa analiua. Neno ni lake. Na alikuwa na utaratibu, hata katika hasira. Kwanza anachomoa sindano ya valvu ili upepo utoke, kwa sababu ukichoma kisu kwenye tairi lililojaa, linaweza kukurudishia kisu usoni. Upepo wa tairi la gari kubwa hautoki upesi. Unapiga mluzi, na dereva anausikia, na makanga anausikia, wanakuja. Sasa Fundi anageuka, anaegemeza mgongo kwenye tairi, anapanua mikono, na anangoja. Watampiga. Watamvuta shati, watampiga teke la mbavu, na yeye hashiki mtu, hajibu, mgongo haubanduki. Mluzi unapungua, unapungua, unakatika. Hapo ndipo anapogeuka na kuchoma ubavuni, mara moja, na kuvuta kisu chini. Kazi imekwisha, hakuna kiraka kitakachoshika pale, na sasa kama mtu bado anataka kupigana yuko tayari.

Mimi ndiye niliyempa kisu. Chake kilikuwa butu, kilikuwa kinararua badala ya kukata, na mimi siwezi kuona mpira ukiraruliwa hivyo. Nikamfundisha pia kulowesha kisu, maana mpira mkavu unakishika kisu lakini ukiwa na maji kinapita. Yeye naye akanifundisha la kwake. "Toa upepo kwanza," aliniambia. "Ukianza na kisu unajiua wewe. Toa upepo, halafu vumilia mpaka uishe."

Watu walitaka sababu. Mtu akiwa hivyo, watu lazima wamtafutie sababu, hawalali. Wengine walisema zamani alikuwa dereva akaua familia yake mwenyewe, wengine wakasema ni jela. Nilichoka kusikia, nikamwuliza siku moja tukinywa chai, yake ikiwa na sukari nyingi mpaka kijiko kinasimama. Alifikiri. Akasema, "Hakuna kitu kilichonipata, Mama Ewoi. Naona tu. Wewe ukiona mtoto anatambaa kuelekea moto, unamwuliza mama yake kwanza?" Nilimwambia mama yake nisingempiga makofi. Akasema ningempiga, ananijua.

Mtu huyohuyo hakuweza kuchinja kuku. Alikuwa anamleta kwangu amemkumbatia kifuani, anamkabidhi, kisha anakwenda nyuma ya ukuta na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ili asisikie. Nilimcheka sana kwa hilo. Jumapili kanisani alikuwa analia mapema kuliko wanawake, padri hajamaliza hata salamu, na mkewe, alipokuwa bado yupo, alikuwa anamsogezea kitambaa bila kumtazama. Mke huyo alimwacha. Sikusikia kwamba alimpiga, na ningesikia, kwa sababu yule mama hakuwa mtu wa kuficha. Aliniambia amechoka kumfuta mtu damu ya ugomvi wa magari ya watu wengine.

Sasa niseme jambo ambalo wanaomsifu Fundi huliruka. Asubuhi moja lilisimama gari lililokuwa linampeleka mgonjwa Kitale. Alikuwa kijana aliyepigwa risasi ya tumbo katika uvamizi wa mifugo huko kaskazini. Amelala nyuma juu ya godoro, kaka zake wawili wanamshika. Dereva alisimama kuongeza upepo tu. Fundi alipitisha kiganja, nikaona uso wake unabadilika, nikamwambia kwa lugha yetu, la, si hili, hili liache. Alichomoa sindano. Wale kaka walimpiga kwa fimbo za kuchungia, nao wanajua kupiga, na yeye alisimama pale mgongo kwenye tairi mpaka mluzi ukakatika, akachoma. Gari jingine lilipatikana jua limeshapanda sana. Kijana alifia Lokichar, kabla ya nusu ya safari.

Tairi lile niliachiwa mimi. Nililipasua. Ndani ukingo wote ulikuwa nyuzi, na nyuzi zenyewe zimeanza kukatika, lisingefika Kitale hata kwa maombi. Hilo niliwaambia wale kaka waliporudi na maiti. Mkubwa wao alinitemea mate miguuni, na sikumlaumu. Fundi alisema neno moja tu juu ya jambo lile, jioni, akijikanda mabega: "Wangekufa wote." Labda ni kweli. Labda pia gari lingefika na kijana leo ana watoto. Nimeligeuza jambo hili kichwani miaka mingi na bado nikimkumbuka mama wa yule kijana namkasirikia Fundi upya kabisa.

Halafu ikaja lami. Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi, nilikuwa nimechoka kutapika vumbi. Fundi ndiye aliyeitazama lami kama mtu anayeletewa mgeni asiyemtaka. Barabara ile ya zamani ya mawe na makorongo ilikuwa inapotosha magurudumu, ndiyo, lakini ilikuwa inakulazimisha uende polepole. Tairi likipasuka unasimama, unatukana, unatoa jeki. Kwenye lami wanakimbia. Magurudumu yale yale yaliyopotoka, tabia ile ile ya kugeuza, na sasa sindano ya spidi imelala kule mwisho. Akala zangu ziliongezeka. Matairi yalikuwa yananijia kwa wingi, na mengine yalikuja na damu juu yake, nayaosha kwanza.

Mwaka ule ndipo Ewoi alipoanza kuendesha. Alipewa pikapu ya abiria, ya tajiri mmoja asiyekaa huku, yenye mabenchi nyuma na turubai, Lodwar kwenda Kakuma na kurudi. Kijana wangu alipendeza mle ndani, niseme ukweli. Miwani myeusi, mkono mmoja nje ya dirisha, wasichana wanamwita kwa jina. Na kila tairi lililoisha alikuwa ananiletea. Hakumpa mkata akala mwingine hata mmoja. Alikuwa analibeba begani mwenyewe, analitua mbele yangu na kusema, "Mathe, zawadi." Nami nalipokea, nageuza, nalitazama. Limeliwa ndani. Linalofuata limeliwa ndani, kisha nje, limegeuzwa. Na yalikuwa yanakuja haraka kuliko inavyotakiwa. Mtoto wangu alikuwa ananiletea mikononi mwangu habari ya kifo chake, anacheka, anaomba chai.

"Peleka gari kwa Fundi," namwambia. "Ni hatua chache."

"Tajiri anasema gari iko sawa."

"Tajiri anakaa juu ya hilo tairi?"

"Mathe, wacha hizo maneno. Nikisimamisha gari nusu siku, abiria wanabebwa na wengine. Nageuza tu, inaenda."

Fundi alikuwa anasikia haya yote, kamba yake iko mkononi. Alingoja. Najua alingoja kwa sababu yangu, maana mwingine angekuwa ameshapigwa kofi la sikio. Siku aliyoacha kungoja gari lilikuwa limejaa, watu wanakwenda kwenye mazishi Kakuma, na Ewoi ameingia dukani kununua maji. Nilisikia mluzi. Nilijua ni gari gani kabla sijainua kichwa.

Ewoi alitoka na madereva wenzake, wale wote waliokuwa na kofi lao la zamani la kulipa. Walimkuta Fundi ameshaegemea. Mwanangu alikuwa na spana ya magurudumu. Nilikimbia, wawili wakanishika mikono, nikamng'ata mmoja mpaka nikaonja chumvi, hakuniachia. Walimpiga kwa fimbo, kwa mkanda, kwa viatu, na baadhi ya viatu hivyo nilivikata mimi. Yeye mgongo uko palepale. Ewoi alimpiga spana kwenye mkono wa kulia uliopanuliwa, na nikasikia mfupa. Akampiga tena kwenye nyonga. Fundi alishuka chini taratibu huku ameegemea, mpaka akakaa, na hata akiwa amekaa alikuwa bado anausikiliza upepo. Ulipoisha alijaribu kugeuka na kisu, lakini ule mkono haukushika. Kisu kilianguka mchangani, kile nilichompa mimi. Ewoi alikipiga teke. Akachukua pampu, akajaza tairi, akapakia watu wake wa mazishi, akaondoka. Walifika salama, na habari hiyo iliimbwa Lodwar nzima kama ushahidi kwamba mzee ni kichaa.

Tulimpeleka Fundi hospitali, mimi na mwenye kibanda cha chai. Njiani hakulia, yeye anayelia kanisani. Ewoi alirudi jioni, nikampiga kwa akala mbichi ambayo haijatobolewa, nikampiga usoni mbele ya wenzake, naye akasimama tu. "Alinichelewesha, mathe," alisema. "Na watu walikuwa wanacheka." Nikamwambia yule ni mzee, amekuona ukijikojolea ukiwa mgongoni. Baada ya hapo jambo lile halikutajwa nyumbani mwangu. Tulikula sahani moja tukiwa tumelinyamazia.

Fundi alipotoka hospitali hakurudi kazini. Kamba yake ilibaki imeviringishwa msumarini mpaka jua likaikausha ikakatika. Watu wakasema amekwenda Kakuma, hakuaga mtu, hata mimi. Niliumia, sifichi. Nilikaa kwenye kivuli chetu na mahali pake pamebaki na doa la mafuta, na madereva wakawa wanageuza matairi yao hapohapo juu ya doa lile wakipiga miluzi.

Nimemwona mara moja tu tangu hapo, mwaka huu, wakati wa joto kali. Nilikuwa nimepeleka akala Kakuma, nimekwenda na gari la Ewoi, nimekaa mbele kama mama wa dereva anavyokaa. Njia nzima nilikuwa naangalia usukani. Ameukunja kidogo kushoto ili gari liende moja kwa moja, na mkono wake umezoea, yeye mwenyewe haoni tena. Nilimwambia, "Gari linavuta." Akasema ni upepo wa jangwani.

Nilipomaliza kuuza, nikaenda kungojea gari kwa Mama Furaha, mama wa Kikongo mwenye kibanda cha chakula karibu na mahali magari yanapopakia. Akaniambia, "Mama, karibu, kaa hapa. Uko mutu ya Lodwar? Tuko na muzee wa kwenu hapa, anakunywaka chai ya sukari mingi, chakula anakatala." Nikageuka. Alikuwa kwenye kona, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amekwisha. Mkono wa kulia umekaa mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na nyonga imemlaza upande.

"Ejok, Fundi," nikasema.

"Ejok, Mama Ewoi. Umenenepa. Magari bado hayajanyooka."

Nilicheka. Nikakaa karibu naye. Alitazama miguu yangu, mimi nikatazama yake. Alikuwa amevaa akala zangu, za zamani sana, moja imeisha ukingo wa ndani kwa jinsi anavyoburuta ule mguu. Nikamwambia nitamkatia nyingine. Akasema hii bado inaenda.

Pikapu ya Ewoi ilikuwa imesimama mbele yetu inapakia. Walikuwa wanawake wa Sudan Kusini, wanakwaya, wanakwenda Lodwar kwenye mkutano wa kanisa, wamevaa vitambaa vya rangi moja, na watoto wao migongoni. Ewoi alikuwa juu anafunga mizigo. Fundi akauliza, "Gari la nani?" Nikamwambia. Aliinuka kwa tabu, akachechemea mpaka kwenye gurudumu la mbele, akainama na kupitisha mkono wa kushoto kule ndani. Mkono ulirudi haraka. Aliniletea kiganja nikione: waya wa ndani ya tairi ulikuwa umemchana, damu inatiririka kwenye kifundo cha mkono. Akajifuta kwenye suruali, akarudi kwenye ndoo yake, akashika chai.

Nilingoja. Nilimngoja afanye lile alilofanya maisha yake yote. Alipuliza chai.

"Utakaa tu?" nikamwuliza kwa hasira.

"Mimi nimeshapigwa vya kunitosha, Mama Ewoi," akasema. "Huyu ni wako."

Wanawake walikuwa wameanza kuimba mle ndani ya gari. Nilimwomba Mama Furaha kikombe cha maji. Nikatoa kisu changu kikapuni, nikaenda kwenye lile gurudumu na kupiga magoti. Upande wa nje umeliwa, limegeuzwa. Nikapitisha kiganja ndani mwenyewe, na zile nyaya zikanipokea. Katikati meno marefu, mazuri. Nikachomoa sindano ya valvu.

Mluzi ule sijawahi kuusikia kwa karibu hivyo. Nikageuka, nikaegemeza mgongo, nikapanua mikono. Ewoi aliruka kutoka juu ya turubai ameshika spana, hata hakuangalia ni nani. Alipoona ni mimi hakusimama. "Mathe, toka! Toka hapo!" Alinishika shanga za shingoni akavuta, zikakatika zote, zikamwagika mchangani, na mgongo wangu haukubanduka. Watu walikuwa wanatazama, na madereva wenzake wameanza kucheka. Hicho kicheko ndicho kilichomtoa akili. Alinipiga. Spana ilinishukia hapa, juu ya kiwiko, na mkono huu tangu siku hiyo haupandi juu ya bega. Wanawake waliacha kuimba.

Akainua tena. Nikamwambia, "Piga. Upepo bado haujaisha."

Sijui aliona nini. Labda aliniona nimekaa vile vile alivyokaa Fundi siku ile. Spana ilibaki juu, na sote wawili tukabaki tunausikiliza upepo ukitoka, mpaka ukakatika. Nikageuka. Nikamimina maji kwa mkono uliobaki, nikachoma ubavuni, nikavuta chini. Kisu kilipita vizuri. Mwanamke mmoja alishuka na mtoto wake, kisha wote wakashuka.

Kutoka kwenye kona, Fundi akasema, "Na lile la pili."

Nikazunguka gari nimeushika mkono wangu kifuani. Nilisikia nyayo za Ewoi nyuma yangu na sikugeuka, kama ni kupigwa nipigwe. Nilipofika kwenye gurudumu sikuweza kuinama, mkono uliniuma nikaona giza. Spana ikaanguka chini. Ewoi alipiga magoti mbele yangu, analia, na kwa vidole vyake mwenyewe akachomoa ile sindano, na upepo ukaanza kupiga mluzi. Akanyoosha mkono apewe kisu. Nikamwambia asubiri kwanza uishe.